Kuugeuza Msitu wa Boganvilia Kuwa Mti Mdogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nyumba nyingi zetu zina boganvilia iliyopandwa na mtu ambaye pengine hayupo tena hapo. Iliwekwa kando ya geti, ikamwagiliwa mwaka mmoja au miwili, kisha ikaachwa ijitafutie. Leo imepanda ukuta, imelalia paa la banda la gari, inawachoma wapita njia, na mwenye nyumba anatafuta mtu wa kuing'oa. Maelezo haya yameandikwa ili isiing'olewe. Mmea wa umri huo una mizizi ambayo hakuna kitalu kitakachokuuzia, na ndani ya kile kichaka mti umo tayari. Kazi iliyopo ni kuuchagua, kuuondolea vinavyouzunguka kidogo kidogo, na kuwa na subira ya misimu mitatu hivi ya mvua.

Nimejikita kwenye boganvilia kwa sababu ndiyo inayoulizwa zaidi. Wenye haibiskasi, duranta, mkomamanga au mhina watapata lao karibu na mwisho, ingawa mengi ya hapo kati yanawahusu pia.

Kwani boganvilia inaweza kusimama kama mti? Si mmea wa kutambaa?

Inaweza, na ukitembea mitaa ya zamani ya Dar es Salaam, Tanga au Nairobi utaziona zenye shina nene kuliko paja la mtu mzima. Lakini swali lako ni la msingi, kwa sababu tabia ya mmea huu ndiyo inayoeleza kazi yote itakayofuata.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wazungu waliiandika katika vitabu vyao vya mimea baada ya Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea kwenye msafara wa baharia Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, kuikuta Rio de Janeiro mwaka 1767. Huko kwao huishi kwa kuparamia miti mingine. Haina vikono vya kujizungusha kama mpasheni. Hurusha fimbo ndefu hewani, fimbo ikiangukia tawi la jirani miiba inanasa, nayo inasonga mbele. Ndiyo maana ikiwa peke yake uwanjani hurusha fimbo zile zile, zikakosa pa kunasa, zikainama, na juu ya mgongo wa kila fimbo iliyoinama zikaota nyingine. Miaka kumi ya mwenendo huo ndiyo msitu ulionao.

Kwa hiyo yako mambo mawili ya kukubali mapema. Shina la chini litakuwa gumu na kusimama lenyewe, ila litahitaji kushikiliwa mwanzoni. Na fimbo za juu hazitaacha kurushwa. Utazipunguza maadamu mti uko hai.

Nitajuaje kama kichaka changu bado kina uzima wa kutosha?

Piga magoti uangalie chini, usiangalie juu. Majani mengi juu hayakuambii lolote kuhusu shina.

Kwangua gome kidogo kwa ukucha au ncha ya kisu. Chini ya gome pakiwa na ubichi wa kijani, shina li hai. Pakiwa kahawia na pakavu, limekufa hapo, sogea chini zaidi ujaribu tena. Gonga shina nene kwa mpini wa mkasi: mlio wa kitu kitupu ni dalili ya kuoza au mchwa. Mchwa wakishaingia kwenye shina kuu, usilichague shina hilo hata kama ndilo limenyooka kuliko yote.

Jua nalo ni sharti. Kama sehemu hiyo haipati jua angalau saa tano au sita kwa siku, kwa mfano kwa kuwa jirani amejenga ghorofa, utapata mti wa majani usio na maua. Bado unaweza kuutengeneza, ila ujue unachokipata.

Nikate wakati gani?

Mwisho wa kiangazi, mvua ikiwa inakaribia lakini haijaanza. Sababu ni kwamba boganvilia huchanua kwenye ncha za matawi mapya, na huchanua kwa nguvu zaidi udongo unapokauka. Huku kwetu karibu na ikweta urefu wa mchana na usiku haubadiliki sana kwa mwaka, hivyo ukavu wa ardhi ndio unaoipa ishara kubwa. Ukikata kabla ya mvua, mvua inakuza matawi mapya, kisha ukavu unaofuata unayakuta yamekomaa tayari kuchanua.

Kwa pwani ya kuanzia Dar es Salaam kwenda kaskazini, kwa Arusha, Moshi na Nairobi, hiyo ni kuanzia mwisho wa Februari hadi siku za mwanzo za Machi, kabla ya masika. Mkato wa pili, ulio mwepesi zaidi, unaweza kufanyika mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli. Dodoma, Singida na kwingine kwenye mvua za msimu mmoja, fanya kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba. Njombe na Makete kuna sakitu kati ya Juni na Agosti, na chipukizi changa za boganvilia hazistahimili baridi hiyo. Baada ya Machi usikate kwa nguvu, subiri mpaka baridi ipite. Na kwa ndugu zetu walioko Maskati, ambako boganvilia zimejaa kwenye kuta, epukeni kabisa kufunua mashina katikati ya joto la Juni hadi Agosti, gome litaungua.

Katikati ya mvua kubwa si wakati mzuri. Kidonda kinachokaa na maji kila siku hukaribisha ukungu, na mmea ukikatwa ukiwa umeshiba maji hurudisha fimbo nyingi kwa mkupuo mmoja. Matawi yaliyokufa peke yake ndiyo unayoruhusiwa kuyatoa mwezi wowote.

Nahitaji vifaa gani? Panga halitoshi?

Panga lina kazi zake nyingi shambani, ila kwa hapa liache nyumbani. Panga hupasua. Kidonda kilichopasuka kina nyufa ambazo maji na vimelea huingia, na kovu lake huchelewa kufunga miaka mingi. Zaidi ya hayo, panga linamshawishi aliyelishika kukata kinachofikika badala ya kinachotakiwa kukatwa.

Tafuta mkasi wa bustani wenye ncha mbili zinazopishana, kwa matawi ya unene wa kidole. Mkasi wa mikono mirefu kwa yanayofikia unene wa mpini wa jembe. Na msumeno wa kupogolea, ule uliopinda kidogo na unaokata unapouvuta, kwa mashina makubwa. Vyote viwe vikali. Vifute kwa spiriti kabla ya kuanza, na tena kila unapotoka kwenye tawi lenye ugonjwa au kwenye mmea mmoja kwenda mwingine.

Glavu ziwe za ngozi na zipande juu ya kifundo cha mkono. Za kitambaa miiba inapita. Vaa miwani ya kazi, kwa sababu fimbo ukiikata chini huku imenaswa juu huachia ghafla na kurudi usoni. Vaa viatu vya soli ngumu. Ndala hapana, kabisa.

Kuna cha kukagua kabla ya tawi la kwanza?

Kipo, na usikiruke. Zunguka kichaka taratibu ukitazama ndani. Boganvilia nzee ni maskani: nyuki na nyigu hujenga humo, ndege hutaga kwa sababu miiba inawalinda, na chini kwenye majani makavu nyoka hupenda ubaridi. Tikisa kwa mti mrefu ukiwa mbali. Ukikuta kiota chenye makinda, ahirisha upande ule kwa wiki chache, hakuna kitakachoharibika. Nyuki wakiwamo, mwite mtu anayejua kuwahamisha. Kinyonga mtoe kwa kijiti umweke kwenye kichaka kingine, watoto wasimpige mawe. Anakula wadudu wa bustani yako.

Halafu tazama juu. Tawi lililogusa au kukaribia waya wa umeme usiliguse wewe wala fundi wako. Wapigie TANESCO au Kenya Power waje walishughulikie.

Nachaguaje shina? Libaki moja au mengi?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo watu wanapotumia dakika chache kuliko mahali pengine popote. Ningeshauri siku nzima ipite kati ya kuchagua na kukata.

Kwanza toa majani makavu na takataka zote zilizolala kwenye shina ili uone ardhi. Kisha ondoa vilivyokufa tu. Mara nyingi robo ya kichaka, wakati mwingine zaidi, ni fimbo kavu zilizobebwa na zilizo hai, na ukishazitoa unaona mmea tofauti kabisa na ule uliokuwa ukiutazama kutoka barazani. Wengi huamua la kufanya kabla ya hatua hii, na huamua vibaya.

Baada ya hapo shika shina moja moja kutoka ardhini ulifuate kwa macho mpaka juu. Unatafuta lililo zima, linaloanzia ardhini badala ya kuanzia ubavuni mwa lingine, lisilo na kidonda kikubwa, na ambalo likipanda linakwenda mahali unapotaka kichwa cha mti kiwe. Si lazima liwe limenyooka. Kuna uzuri wa pekee kwenye shina lililopinda kidogo likajirudi. Shina lililonyooka mno kwenye mmea huu huonekana kama nguzo.

Shina moja linapendeza kando ya geti, au mahali penye nafasi finyu. Matatu yanafaa zaidi katikati ya ua na kwenye mmea mzee ambao tayari una mashina mengi yanayolingana, kwa kuwa hulazimiki kuutia kidonda kimoja kikubwa mno. Yawe yanatengana toka chini na kila moja lina upande wake. Mawili yanayosuguana, moja liondoke, kwa sababu mahali pa msuguano gome huchubuka na uozo huanzia hapo. Zaidi ya matano, umebaki na kichaka.

Ukishayapata, yafunge vitambaa vyenye rangi kali kwenye kiuno na karibu na juu. Ondoka. Kesho yake asubuhi yatazame tena kutoka barabarani, kutoka dirishani, kutoka sehemu mnayokaa jioni. Ukibadilisha mawazo, unahamisha kitambaa tu.

Nikate kiasi gani kwa mara moja?

Usizidi theluthi moja ya sehemu iliyo hai kwa msimu mmoja. Boganvilia ni ngumu na mara nyingi hunusurika hata ikikatwa zaidi ya hapo, ila hulipiza. Mizizi ya miaka mingi bado inasukuma chakula kile kile, na matawi ya kukipokea hayapo. Basi hutoka maotea mengi kwa pamoja, kuanzia ardhini hadi juu, na baada ya miezi minne una kichaka kingine chenye miiba mirefu kuliko ya kwanza. Ukipunguza taratibu, nguvu ile inaingia kwenye mashina uliyoyachagua.

Mimi huigawa hivi. Msimu wa kwanza ni wa kutoa vilivyokufa, kukata nusu ya mashina yasiyotakiwa mpaka ardhini, na kusafisha vijitawi vya chini kwenye yale yaliyochaguliwa hadi usawa wa goti. Msimu wa pili mashina yaliyobaki yasiyotakiwa yanaondoka, na usafi wa shina unapanda hadi kiunoni au kifuani. Msimu wa tatu ni wa kichwa: kupunguza matawi yanayopishana ndani, kufupisha yaliyorefuka, na kukipa umbo. Kichaka kidogo kinaweza kumalizika kwa misimu miwili.

Tawi nene nalikataje bila kuchana gome?

Kwa mikato mitatu. Wa kwanza uwe chini ya tawi, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye shina, uingie theluthi tu ya unene. Wa pili utokee juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, mpaka tawi lianguke. Uzito umeshaondoka, gome haliwezi tena kuchanika kushuka kwenye shina. Wa tatu ni wa kuondoa kipande kilichobaki.

Huo wa tatu uangalie sana. Mahali tawi linapoungana na shina pana kinundu, kama ukosi wa shati shingoni. Kata nje tu ya kinundu hicho. Ukikata kwa kukilaza sambamba na shina unaondoa chembe ambazo ndizo zingefunga kidonda. Ukiacha kisiki kirefu, kinakauka na kuozea ndani.

Kwa vijitawi vidogo unavyofupisha, kata nusu sentimita juu ya jicho, yaani kile kinundu kidogo ambapo tawi jipya huchipukia, linalotazama nje ya mti, kwa mshazari kidogo. Tawi jipya litafuata upande jicho linakotazama, na hiyo ndiyo njia ya kukifungua kichwa kisijisokote ndani.

Nipake nini kwenye kidonda? Fundi amesema oili chafu.

Usipake kitu. Oili chafu ya gari, lami, rangi ya mafuta, vyote nimeviona, na nafahamu wanaovipaka wana nia njema. Mti hauponyi kidonda kama ngozi yetu inavyopona. Hujenga kuta ndani kwa ndani kulitenga eneo lililoumia, kisha huota mbao mpya juu yake. Jambo hili lilielezwa vizuri na Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, aliyepasua maelfu ya miti kwa urefu kutazama uozo unavyosafiri ndani. Dawa za kupaka hazikuzuia uozo. Zinazoziba huhifadhi unyevu chini yake, na oili chafu inaua chembe hai za ukingoni na kuchafua udongo juu ya hasara hiyo.

Mkato safi, mahali sahihi, wakati wa ukavu. Hiyo ndiyo dawa.

Shina lililokuwa kivulini sasa liko wazi. Haliungui?

Linaweza kuungua, hasa upande wa jua la mchana na magharibi. Gome lililokaa gizani miaka mingi ni laini. Lipake chokaa iliyochanganywa na maji, au rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa kwa kiasi sawa cha maji, kuanzia ardhini mpaka matawi yanapoanzia. Hii haigongani na jibu lililotangulia: hapa unapaka gome zima kurudisha jua, huzibi kidonda. Kichwa kikishajaza kivuli, acha ifutike yenyewe.

Mti uwe na urefu gani?

Fikiria anayepita chini yake. Pakiwa ni njia, matawi ya chini yaanzie juu ya mita 2, kwa sababu fimbo changa hushuka na miiba iko usawa wa macho. Pakiwa ni bustani isiyopitwa, shina la mita 1.2 hadi 1.5 na mti mzima wa mita 2.5 au 3 unatosha, na unaufikia kwa ngazi fupi. Sehemu ya shina tupu isizidi nusu ya urefu wote. Mti wenye shina refu na kichwa kidogo hupepesuka kwa upepo na haupendezi.

Unahitaji kuegemezwa?

Shina jipya au jembamba, ndiyo, miaka miwili ya kwanza. Chimbia mrunda au bomba la chuma sentimita 60 ardhini, upande unaotoka upepo, mbali kidogo na shina usije ukakata mizizi. Mizizi ya boganvilia haipendi kabisa kusumbuliwa. Funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa umbo la namba 8, ili mpira ukae kati ya shina na mti wa kuegemeza. Waya usitumie hata siku moja. Kila baada ya miezi mitatu legeza, maana shina hunenepa na kamba iliyosahaulika hulinyonga.

Maotea yanarudi kila wiki. Nimekosea?

Hujakosea. Mmea mzee uliopogolewa lazima utoe maotea, chini kwenye shina na kutoka ardhini. Silaha yako ni kupita mara kwa mara. Oteo la wiki moja linang'oka kwa kidole gumba, pamoja na jicho lake, bila kuacha kidonda. La mwezi linahitaji mkasi. La miezi minne limekuwa fimbo yenye miiba na umerudi nyuma. Pita kila Jumamosi asubuhi na kikombe chako cha chai mkononi katika msimu wa mvua. Ni kazi ya dakika tano. Baada ya mwaka wa pili yatapungua sana, kwa kuwa kichwa kitakuwa kimepata majani ya kutosha kutumia nguvu ya mizizi.

Imekuwa mti mzuri lakini haina maua. Kwa nini?

Uliza mambo matatu: jua, maji, mbolea. La jua limeshasemwa. Maji ndiyo kosa lililoenea zaidi. Bustani zenye bomba la kila jioni zina boganvilia za kijani kibichi zisizochanua. Mmea wa umri huu uliokomaa ardhini, pwani na sehemu nyingi za bara zenye mvua, hauhitaji kumwagiliwa isipokuwa ukame mkali, au wiki chache baada ya kukatwa kwa nguvu.

Mbolea ya kukuzia, kama urea au CAN, huongeza majani na fimbo. Usiitie. Debe moja la samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa mvua, isambazwe pale kivuli cha matawi kinapoishia na isigusane na shina, inatosha kwa mwaka.

Sababu ya nne ni mkasi wenyewe. Wapo wanaonyoa kichwa kila wiki mbili kiwe duara, na kila mara wanaondoa ncha zilizokuwa zikikaribia kuchanua. Zile rangi tunazoziita maua ni majani yaliyobadilika. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe katikati. Ndiyo maana rangi hudumu wiki nyingi. Subiri ikauke kama karatasi na kuanza kupukutika, ndipo ufupishe kila tawi lililochanua. Toka mkato huo hadi rangi mpya huwa ni kama miezi miwili, jua likiwepo.

Je, nikiikata yote ibaki kisiki nianze upya?

Wakulima wa kahawa watalitambua jambo hili, ndivyo mibuni iliyochoka inavyofufuliwa. Kwa boganvilia ni njia ya mwisho: pale ambapo mashina yote ya juu yameoza, yamevunjika au yamejisokota kiasi kwamba hakuna la kuchagua. Kata sentimita 30 hadi 60 juu ya ardhi, mwisho wa kiangazi. Yatatoka machipukizi mengi. Yakifika urefu wa mkono, chagua lenye nguvu zaidi lililoanzia chini, lifunge kwenye mti wa kuegemeza, ondoa mengine kwa awamu. Utapata shina zuri, ila utakaa muda mrefu zaidi bila kivuli wala maua, na mmea uliokuwa tayari mgonjwa unaweza usiinuke. Kama kuna hata shina moja zima, lichague hilo.

Mwiba umenichoma na umevunjikia ndani.

Osha kwa sabuni na maji mengi, utoe kwa kibano safi. Kama umeingia karibu na kiungo cha kidole au goti, au pakivimba na kuuma baada ya siku mbili tatu, nenda kituo cha afya. Kipande kilichobaki ndani ya kiungo kinaweza kusumbua kwa muda mrefu. Uliza pia lini ulichomwa chanjo ya pepopunda mara ya mwisho. Utomvu wake huwawasha baadhi ya watu. Mikono mirefu ya shati inasaidia.

Nimemwajiri kijana wa bustani. Nimwambieje?

Vitambaa kwanza, maneno baadaye. Mwambie: "Hivi vyenye kitambaa havikatwi. Vingine tunavikata pamoja, na ukiwa na shaka niite." Kaa naye saa ya kwanza. Mlipe kwa siku, msikubaliane kwa kazi nzima, kwani anayelipwa kwa kazi ana kila sababu ya kumaliza kabla ya adhuhuri, na kunyoa mti ni haraka kuliko kuupogoa. Mnunulie glavu. Ni mikono yake.

Kama matawi yameingia kwa jirani, piga hodi kabla ya msumeno kuanza kulia. Kwenye nyumba ya kupanga, pata idhini ya mwenye nyumba.

Mimea mingine nayo inakubali?

Haibiskasi inakubali kwa urahisi kuliko zote. Huchanua kwenye matawi mapya, haina miiba, na shina lake hunyooka. Duranta vilevile, ingawa baadhi zina miiba na tunda lake la njano ni sumu kwa watoto. Mhina unatengeneza mti mwembamba wenye harufu nzuri. Mkomamanga upogoe kwa mkono mwepesi, kwa kuwa huzaa kwenye vijitawi vifupi vya matawi yaliyokomaa. Ukikata vingi umekata komamanga za mwaka kesho.

Uangalifu mkubwa uwepo kwa oleanda na ile jamaa yake ya maua ya njano yenye umbo la kengele. Zinafaa kuwa miti, lakini kila sehemu yake ni sumu. Usichome matawi yake, moshi wake una madhara, na usiache mbuzi wayafikie. Mnyaa nao una maziwa yanayoweza kuumiza macho vibaya sana.

Usaipresi ni habari nyingine kabisa. Ukiukata mpaka kwenye mbao zisizo na majani ya kijani, hauchipui tena hapo. Unaweza kuinua matawi ya chini uupe shina, lakini usijaribu kuufupisha kwa kukata ndani ukitegemea utajaza.

Matawi niliyokata niyapeleke wapi?

Usiyatupe njiani. Miiba iliyokauka ni migumu zaidi kuliko mibichi. Inatoboa ndala za watoto na matairi ya bodaboda. Yakate vipande vifupi, yarundike kwenye kona iliyozungushiwa, yatumike kuzuia mbuzi na kuku kwenye mboga mpaka yaoze.

Kabla ya hapo chagua machache ya kupanda. Chukua vipande vya matawi yaliyokomaa nusu, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu, uchomeke theluthi mbili ndani ya mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kwenye viroba vyenye matundu. Weka kivulini, unyevu uwepo lakini maji yasituame. Si vyote vitakavyoshika, hivyo panda vingi kuliko unavyohitaji. Vikitoa majani mapya usivihamishe haraka, kwa sababu majani hutangulia mizizi. Ngoja mpaka uone mizizi ikichungulia kwenye matundu ya kiroba, na siku ya kuhamisha kata kiroba kwa wembe, donge la udongo lishuke shimoni likiwa zima. Cha kwanza kitakachoshika kichagulie shina lake tangu mwezi wa kwanza.